Mstari Mwekundu Chini ya Maneno Yangu

Nimedharau vitu vingi maishani, na vingi vilistahili: injini za mitumbwi zinazowaka vizuri siku ya kununuliwa tu, redio zenye taa nyingi kuliko sauti, wahubiri wanaofika kwetu Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, samaki wakiwa wengi na kuondoka ziwa likifungwa. Lakini hakuna kitu nilichokidharau kwa moyo mmoja kama ile edita ya mdogo wangu.

Edita ni programu ya kuandikia programu nyingine. Mtu anayetengeneza vitu vya kompyuta hufanya kazi humo, kama seremala anavyofanya kazi juu ya benchi lake. Ndivyo mdogo wangu alivyonieleza. Nilimjibu kwamba sijawahi kusikia benchi likimkosoa seremala.

Sikuingia humo kwa kupenda. Niliingizwa na ugonjwa wa macho mekundu.

Ilikuwa mwezi wa pili. Ziwa lilikuwa bado limefungwa na serikali ili samaki wazae, mvua ilikuwa inanyesha kila siku, na macho mekundu yalikuwa yakitembea nyumba kwa nyumba, kutoka Kafutuma hadi Kabuta, kama mgeni anayetafuta mahali pa kulala. Kwetu yalifika siku ya Alhamisi, yakamkuta mdogo wangu. Ijumaa asubuhi aliamka kope zimegandamana kama mdomo wa gunia lililoshonwa. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, zikafunguka kidogo, na mwanga ulipoingia alipiga kelele. Nesi wa kliniki alimpa dawa ya matone na kumwambia akae na kitambaa machoni mpaka wiki iishe.

Na Jumatatu, kabla ya saa sita mchana, alitakiwa kutuma kazi yake ya majaribio kwa kampuni moja ya malori huko Solwezi.

Malori ya kampuni hiyo yanaingia Congo na kutoka. Walitaka kijana anayejua Kifaransa na Kiingereza pamoja na kompyuta, na mdogo wangu, aliyesomea Lubumbashi nyumbani kwa mjomba wetu, alivijua vyote vitatu. Alikuwa amerudi kwangu tangu masomo yaishe, akiandika barua za kuomba kazi, na huo ulikuwa mlango wa kwanza kufunguliwa hata kidogo. Walimpa swali: atengeneze programu ndogo ya kupanga mizigo, ile inayooza iondoke kwanza. Akishindwa, alikuwa ameshampa baba mdogo neno lake. Ziwa likifunguliwa tu, angepanda mtumbwi wake wa chisense, wale dagaa wa Mweru wanaovuliwa kwa taa.

Baba yetu aliondoka na mtumbwi kama huo na hakurudi. Mtumbwi ulirudi. Kwa hiyo nilikuwa na neno langu pia, ingawa sikulisema: mtoto huyu hatapanda.

"Mama," aliniambia akiwa amelala na kitambaa usoni, "nilibaomba banipe siku ingine."

"Na banajibu?"

"Eyo. Banasema kama mutu iko na mikono, atume."

"Mikono iko," nikasema. "Nitakuandikia mimi. Weye sema tu."

Hapo sina budi kueleza kwa nini mdogo wangu ananiita mama, maana bila hilo mengine yote hayaeleweki.

Mama yetu alipokufa, baada ya baba, matanga yalipokwisha wazee walikaa kuchagua atakayempyana. Kupyana kwetu ni kurithi mtu mwenyewe, si mali yake. Walinikalisha kwenye mkeka mpya, wakanifunga kiunoni kitambaa cha mama, wakanipaka unga mweupe kwenye paji la uso. Nilikuwa nimetoka darasa la saba, na sikurudi tena. Mdogo wangu na dada yetu mdogo waliletwa mbele yangu. Shangazi akawaambia, "Uyu njo mama yenu. Ule mwingine amelala." Tangu siku hiyo hawakuniita tena yaya, yaani dada mkubwa. Dada yetu ameolewa sasa huko Mwansabombwe, na akinipigia simu ananiita mama mbele ya mume wake bila kusita.

Na mama hapewi amri, wala haambiwi amekosea. Mama akitia chumvi mara mbili, watoto wanakula na kunywa maji mengi.

Sasa fikiria mtoto aliyelelewa hivyo anatakiwa kumsomea mama yake maandishi ya kompyuta, ambayo yote ni amri.

"Mama, kama inakupendeza, bonyeza pale juu."

"Wapi juu?"

"Pale tu, mama. Minakuomba."

Nikabonyeza. Edita ikafunguka. Ilikuwa nyeusi kama chungu kilichoungua, na kitu cha kwanza ilichofanya ni kuniuliza swali. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, lakini kinatosha. Iliniuliza kama ninamwamini mtu aliyeandika mafaili yaliyo humo.

Nililisoma mara ya pili nikidhani nimekosea. Aliyeandika alikuwa mdogo wangu. Huyo aliyekuwa amelala pale. Nimempangusa kamasi mtoto huyo, nimembeba mgongoni kutoka Kabuta akiwa na malaria, na kitu ambacho hakijui hata baba yake ni nani kinaniuliza kama ninamwamini!

"Inasema nini, mama?"

"Inakutukana."

Nilipomsomea, alicheka mpaka akashika macho kwa maumivu. "Bonyeza eyo tu, mama. Inauliza kila mutu vile."

"Basi inatukana kila mutu."

Ndivyo tulivyojuana, mimi na edita. Baada ya hapo kila nilichokiona kilinithibitishia. Ilipaka kila neno rangi yake, moja zambarau, jingine la machungwa, jingine kijani cha chura, kama kitenge kilichochaguliwa na mwanamume. Upande wa kulia ilichora picha ndogo ya maandishi yote, ndogo kiasi kwamba hakuna awezaye kuisoma, kama kijiji kinavyoonekana na mtu aliye ndani ya ndege, ambaye hata hivyo hana shida na kijiji hicho. Nikiandika herufi mbili, inaleta orodha ya maneno inayodhani ninayataka. Kwetu mtu anayekumalizia maneno mdomoni ama ni mlevi ama anataka kukopa.

Kibaya zaidi ilikuwa taa. Mara kwa mara, pembeni mwa mstari, ilitokea taa ndogo ya njano. Mdogo wangu alinieleza kwamba taa hiyo inamaanisha edita iko na shauri la kunipa, niibonyeze nione. Sikuibonyeza hata mara moja. Mimi ni mtu wa Mweru. Ninajua kwa nini taa inawashwa juu ya maji, na ninajua kilichotandazwa chini yake.

Hata hivyo tuliandika. Yeye alilala kwenye mkeka, mimi nikakaa kwenye kigoda, kompyuta juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mvua ilipopiga mabati tulinyamaza, maana hatukusikizana, na ilipopungua tuliendelea. Vidole vyangu ni vyepesi. Nimeshona nyavu tangu utotoni, na kutafuta herufi si kazi zaidi ya kutafuta tundu lililokatika. Alisema neno, nikaliandika, nikamsomea.

"Funga parantezi, mama, kama unaweza."

"Nimefunga mabano."

"Sasa bile bitone bibili. Kisha ushuke mustari."

Nikaweka vitone viwili, nikashuka. Na hapo edita ikafanya jambo lake jingine la kijinga. Badala ya kuniweka mwanzo wa mstari, ilinisogeza ndani, ikaacha nafasi tupu mbele, kama mtu anayekukaribisha mezani kisha anavuta kiti.

Sikulelewa hivyo. Shuleni kwetu daftari moja lilikatwa katikati likawa la watoto wawili. Tuliandika kutoka ukingo hadi ukingo, juu ya mstari mwekundu wa pembeni na nje yake, na mwalimu alikuwa akipita na fimbo akiwachapa wanaoacha nafasi. Karatasi tupu ilikuwa dhambi, kama kumwaga unga. Hata leo nikiandika barua, huwezi kuingiza unyoya kati ya maneno yangu na ukingo wa karatasi. Kwa hiyo nilibonyeza kitufe cha kufuta, tap, tap, tap, tap, nikarudisha mstari mahali pake, na nikaendelea.

Mdogo wangu akageuza sikio upande wa vitufe.

"Mama," akasema, "masini ikisogeza, unaweza kuiacha. Kama unapenda."

"Sipendi."

"Eyo, mama."

Na edita, kana kwamba imetukanwa yenyewe, ikachora mstari mwekundu wa mawimbi chini ya maneno yangu.

Nilimwuliza ni nini. Akasema ni masini tu, inauliza kitu. Nikashuka mstari mwingine, ikanisogeza, nikafuta, tap, tap, tap, tap, ikachora tena. Kufikia Jumamosi adhuhuri ukurasa wote ulikuwa mwekundu kama jicho lake.

"Inasema nimekosa?"

"Apana, mama. Weye haukukosa. Ni masini njo iko vile."

Ndipo jirani akaingia. Jirani yetu ni mwanamke Mbemba anayeuza mihogo na kila kitu anachokijua kuhusu watu wengine. Kiswahili chake ni cha sokoni, alikipata kwa wateja kutoka ng'ambo ya ziwa. Alileta majani ya kumwoshea mgonjwa macho, na macho yake mwenyewe yakaenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

"Awe! Na ile nyekundu ni ya nini?"

"Si kitu," nikasema.

"Si kitu? Kwa mwalimu wangu ile ilikuwa fimbo." Akainama, akaangalia karibu. "Mayo! Yote! Banakukosoa mu nyumba yako, juu ya ndoo yako, na weye unakaa tu unaangalia?"

"Ni masini, ba mayo," mdogo wangu akamjibu kwa heshima kutoka mkekani.

"Masini ya nani? Si yako? Sasa masini ya mutoto inakosoa mama ya mutoto. Ala, mie nimezeeka, nimeona." Akaweka majani chini, akatoka akicheka, na nilijua kicheko hicho kitafika bandarini kabla yangu.

Nilimgeukia mdogo wangu.

"Ondoa ile nyekundu."

"Mama, ile inasaidia..."

"Inasaidia nani? Weye hauone. Mimi sitaki kuiona. Inamusaidia jirani."

Kitambaa kilikuwa kimelowa, akakigeuza upande mkavu. Nilimwona akitafuta maneno, na ninajua sasa maneno gani, kwa sababu kifua chake kilijaa hewa kama cha mtu anayetaka kuita mtu aliye mbali. Kisha hewa ikatoka.

"Eyo, mama. Bonyeza pale chini kushoto. Minakuomba."

Akanielekeza, nikazima. Nyekundu ikafutika yote kwa mara moja, pamoja na ile hesabu ya makosa iliyokuwa ikijivuna chini ya ukurasa. Kukawa kweusi, safi, kimya. Nilijisikia kama mtu aliyemtoa mlevi nje ya nyumba ya matanga.

Mpaka leo sijutii. Kitu kisichojua wewe ni nani, umemzika nani na umemlea nani, hakina haki ya kukuchorea mstari chini ya maneno. Kinakosoa mkubwa na mdogo kwa rangi ileile, kwa haraka ileile, hata kabla hujamaliza kusema. Watu wanaita hiyo kusaidia. Mimi naiita kukosa malezi.

Baada ya hapo kazi ilikimbia. Jumapili nilikwenda kanisani peke yangu, nikamwombea macho, na mchana tukamaliza. Maandishi yote yalisimama kwenye ukingo wa kushoto kama askari kwenye gwaride. Niliyaona mazuri. Nilimsomea kutoka juu hadi chini, na akasema kila neno liko mahali pake, jambo ambalo lilikuwa kweli.

"Sasa tuiendeshe, mama."

Tukaiendesha. Ikakataa.

Nilisoma ilichosema, neno kwa neno, kwa Kiingereza changu cha darasa la saba. Ilisema inangoja mstari uliosogezwa ndani.

"Inangoja nini?" nikauliza.

"Nafasi, mama. Mbele ya mustari."

"Nafasi ya nini? Ya kulala?"

Hakucheka. "Inangoja tu."

"Maneno yote yako?"

"Yote yako."

"Basi ingoje."

"Eyo, mama."

Nilisubiri aseme zaidi. Ni lazima niseme hivi kwa haki yangu mwenyewe: nilisubiri. Yeye ndiye aliyesoma. Kama nafasi ile ilikuwa na maana, ilikuwa kazi yake kuniambia, na hakuniambia, nikajua basi haina maana na kwamba ni edita ile inayonuna. Badala yake alisema labda tuandike upya ule mstari wa juu. Tukauandika upya. Ikanisogeza, nikafuta, tap, tap, tap, tap. Ikakataa. Akasema labda ule wa pili. Tukauandika. Nikafuta. Ikakataa. Akasema pengine masini imechoka, tuizime, tuiwashe. Tuliizima, tukaiwasha, na iliamka na dharau ileile, ikanionyesha orodha ya mambo mapya iliyoongezewa wiki hiyo, kama kwamba nilikuwa nimeyaomba.

Jumatatu kulikucha bila mvua. Sauti za vijana zilikuwa zikitoka ufukoni, ambako walikuwa wakiziba nyufa za mitumbwi kujitayarisha kwa siku ya kufunguliwa. Baba mdogo alipita mlangoni, hakuingia, alisimama tu na kuuliza macho yanaendeleaje.

"Yanapona," nikasema.

"Muzuri. Minaweka nafasi yake." Akaenda.

Mdogo wangu alisikia. Nilimwona alivyosikia. Tukafanya kazi asubuhi yote, tukizunguka jambo lile kama mbuzi anavyozunguka kigingi chake, mpaka jua likapanda, kivuli cha nyumba kikawa chembamba, na mimi nikachoka. Nikafanya kama ninavyofanya kitu kinaponichosha: nikakidharau mpaka mwisho.

"Basi," nikasema. "Tutatuma vile iko. Maneno ni muzuri. Kama bale bantu ba malori banataka nafasi tupu, batajitilia benyewe. Niambie mahali pa kutuma."

Akajiinua kwa kiwiko.

"Unanisikia? Saa inakwenda."

Akaketi wima. Akakitoa kile kitambaa machoni, akakikunja, akakiweka juu ya goti. Macho yalikuwa yamevimba, yanachuruzika, na hayakuwa yakiniangalia mimi bali mahali alipodhani nilipo.

"Yaya," akasema.

Sikuwa nimelisikia neno hilo kwake tangu mkeka ule mpya. Nilidhani anamwita mtu mwingine.

"Yaya, unakosea."

"Nini?"

"Apana masini. Weye. Weye njo unakosea, tangu siku ya kwanza. Ile nafasi ni ya lazima. Njo inaonyesha mustari gani uko chini ya mustari gani. Masini inaiweka muzuri, na weye unaifuta."

"Weye hauone. Unajua namna gani minaifuta?"

"Minasikia!" Alipaza sauti, kijana ambaye hajawahi kunipazia. "Minasikia kidole yako! Unashuka mustari, kisha tap, tap, tap, tap. Kila mara. Minalala pale, minasikia kazi yangu inafutika, na minasema eyo mama, eyo mama! Donc, basi nitakufa mu maji juu ya adabu?"

Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini yalikuwa yakimtoka tangu Alhamisi, kwa hiyo sikuweza kujua yapi yalikuwa ya nini.

Nilikaa na mikono juu ya vitufe. Nitasema nilichofikiria, ingawa si kizuri. Nilifikiria kumpiga kofi. Kisha nikafikiria kwamba sauti ile, namna ilivyopasuka katikati, ilikuwa ya baba, na kwamba baba alikuwa mtu wa mwisho kuniambia kitu usoni bila kuzunguka.

"Sema sasa," nikamwambia. "Usiombe. Sema."

Na alisema. Mungu wangu, jinsi alivyosema! "Panda juu! Mustari wa kwanza, uache. Wa pili, sogeza! Apana ule, unaofuata! Sogeza tena, mara mbili! Usifute! Yaya, usifute, nimesikia!" Alinipigia kelele kama nahodha anayeona wavu unashika kwenye mwamba. Nilisogeza mstari mmoja mmoja. Yale maandishi yangu mazuri yaliyosimama kama askari yakaanza kuyumba, haya ndani, yale nje, ngazi na mashimo, nafasi tupu kila mahali, karatasi ya kulipia fimbo siku nzima.

Katikati ya kelele hizo jirani alifungua mlango, akabaki amesimama na kapu lake kichwani.

"Mwe! Weye mutoto! Unakemea mama yako?"

"Muache," nikamwambia bila kugeuka. "Mama ametoka kidogo. Hapa iko yaya tu."

Alituangalia, mmoja baada ya mwingine. Akarudisha mlango taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Tulipoiendesha tena, ilipanga mizigo. Samaki wabichi kwanza, nyanya pili, saruji mwisho. Nikamsomea, akaomba nimsomee tena, nikamsomea tena. Tukatuma jua likiwa karibu kusimama utosini. Hatukushikana mikono wala kuruka. Niliinuka kuweka sufuria ya bwali, ugali wetu, motoni, na yeye akajilaza, akarudisha kitambaa usoni.

"Asante, mama," akasema kutoka chini yake.

Siku macho yalipopona, jambo la kwanza alilofanya ni kufungua edita na kuirudisha ile nyekundu. Sikumzuia. Ni benchi lake. Lakini nilimwambia kwamba kama isingezimwa angeendelea kujificha nyuma yake mpaka leo, akisema ni masini, ni masini, huku akiwa na mdomo mzima kichwani. Alifikiri kidogo, akasema pengine. Hiyo "pengine" niliipenda kuliko "eyo mama" zote.

Ziwa lilipofunguliwa, mtumbwi wa baba mdogo uliondoka na mtu mmoja pungufu. Nilikwenda ufukoni kuuangalia ukiondoka, kisha nikarudi nyumbani kumshonea mdogo wangu kifungo cha shati lake la safari ya Solwezi.

Sasa yuko Solwezi. Ananipigia Jumapili baada ya kanisa. Ananiita mama, na mara moja moja, akiwa na jambo gumu la kuniambia, nasikia anavuta pumzi halafu ananiita yaya, nami nakaa chini kwanza. Hivi karibuni aliniambia kwamba edita imepata toleo jipya. Ndani yake sasa kuna msaidizi, si mtu, lakini unamwambia unachotaka na anakuandikia mwenyewe.

"Na ukikosea?" nikamwuliza. "Anakuambia?"

Alicheka. "Alors, yaya, mara mingi anasema niko sawa kabisa. Hata nikisema mambo ya ovyo."

"Anasema vile kila mara?"

"Karibu kila mara. Na anaomba musamaha."

"Minamujua uyu," nikasema. "Alilala mu nyumba yangu siku ine na kitambaa machoni. Bamemupata wapi wa kukupyana vile mbio?"